Mjusi kang'ata: Nani ana kesi ya kujibu?

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, wakati ambapo joto la hapa Mpanda huwa kali na mvua bado hazijaanza. Nilitoka msikitini baada ya Sala ya Alasiri nikarejea nyumbani kwangu, Magamba. Nyuma ya nyumba niliwakuta vijana wanne wa madrasa wamechuchumaa, wamelizunguka kopo la plastiki. Mmoja ameshika kibiriti. Mwingine ana kizibo cha soda kilichojaa mafuta ya taa. Ndani ya kopo alikuwamo mjusi mdogo, wa aina ile tunayoiona kila usiku ukutani karibu na taa, ambayo Waswahili tumeipa jina la mjusi kafiri.

Mwenye mjusi alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemfuga mjusi yule kwa muda wa miezi miwili hivi. Kila jioni alimkamatia nzi na panzi wadogo, akampa kwa vidole, na mjusi akapokea. Alijivunia jambo hilo kwa wenzake. Siku ile alipoingiza mkono, mjusi alipanua kinywa, akatoa kilio chembamba, kisha akamng'ata kidole na kung'ang'ania. Damu yenyewe haikuwa ya kuzungumzwa. Lakini kijana alikuwa analia, na nilipomwuliza analia nini, alinijibu: "Mjomba, amenigeuka. Nimemlisha siku zote hizi, leo kaning'ata bila sababu."

Nikauliza, na mafuta ya taa ni ya nini? Mkubwa wao akajibu bila woga wowote: "Ustadhi, si wewe uliyetufundisha kwamba huyu alipuliza moto wa Nabii Ibrahim? Na sisi tunamlipa kwa moto."

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Ni kweli nilifundisha. Nimesoma hadi chuo kikuu, asubuhi nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, na jioni nasomesha madrasa. Hadithi ile niliisomesha mimi mwenyewe, nikaieleza kwa dakika tano, vijana wakacheka, nikaingia katika somo jingine. Sasa somo langu lilikuwa limenirudia likiwa na kibiriti mkononi.

Nilimwaga mafuta, nikachukua kopo, nikawaambia vijana waje baada ya Isha tuzungumze. Haya ninayoyaandika ni mazungumzo ya usiku ule na mengine niliyoyafikiri baadaye. Suala linaweza kuonekana dogo, mjusi na kidole cha mtoto. Lakini ndani yake limo swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: kiumbe aliye chini ya mkono wako anapokugeukia ghafla, nani aulizwe kwanza?

Hadithi inasema nini na haisemi nini

Tuanze na hadithi yenyewe, maana hatuwezi kuikimbia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Sharik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha kuuawa mjusi wa aina hii, na katika mapokezi ya Bukhari imetajwa kwamba alikuwa akipuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim (a.s.). Bukhari huyo huyo amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimwita mjusi huyu "fuwaysiq", lakini yeye hakumsikia akiamrisha auawe. Wanazuoni wamezikusanya hadithi hizi, na Imamu Nawawi na wengineo wakaliweka jambo la kumuua katika yale yanayopendekezwa, kwa kuwa ni mdudu wa maudhi. Hilo silipingi wala sina elimu ya kulipinga.

Ama yale ambayo hadithi haikuyasema ndiyo yaliyonitia aibu. Kwanza, haikumwita kafiri. Jina hilo ni letu Waswahili. Fuwaysiq linatokana na neno lenye maana ya kutoka, yaani kiumbe aliyetoka katika kawaida ya wenzake kwa madhara yake. Ukafiri ni jambo la mwenye akili aliyefikiwa na ujumbe akaukataa. Mjusi hakupelekewa ujumbe wala hana kalamu inayomwandikia. Qur'an inatufundisha kwamba hapana kitu ila kinamsabihi Allah (17:44), na kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu sisi (6:38). Basi mzaha wetu wa lugha tumeugeuza kuwa itikadi, na watoto wanaamini kwamba ukutani kuna adui wa dini.

Pili, haikuruhusu mateso. Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) katika Sahih Muslim imeweka malipo makubwa zaidi kwa anayemuua kwa pigo la kwanza kuliko la pili, na la pili kuliko la tatu. Tulipokuwa watoto tuliielewa kama mchezo wa shabaha. Lakini ukiisoma pamoja na ile ya Shaddad bin Aws (r.a.), inayotutaka tufanye wema katika kila jambo hata katika kuua na kuchinja, utaona jambo jingine: kila pigo la ziada ni maumivu ya ziada, na malipo yanapungua kadiri maumivu yanavyozidi. Na Abdullah bin Umar (r.a.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, aliwaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayefanya hivyo. Hao nao walikuwa vijana, kama hawa wangu.

Tatu, na hili ndilo zito, haikutaja moto kuwa ni adhabu yake. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa, akakataza, akaeleza kwamba hapaswi kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa huo moto. Niliwauliza vijana: Ibrahim (a.s.) alikuwa upande gani wa moto? Wakajibu: alikuwa ndani. Nani aliyeuwasha? Wakajibu: Namrudi na watu wake. Nikawaambia, basi mtu anayemchoma mjusi kwa kisingizio cha kumpenda Ibrahim, kibiriti alichoshika ni cha Namrudi. Walinyamaza wote.

Je, ilikuwa ghafla kweli?

Asubuhi yake nililipeleka kopo kwa mwalimu mwenzangu anayesomesha baiolojia. Nilitaka kujua kwa nini mjusi aliyekuwa mpole miezi miwili akabadilika siku moja. Yeye hakushangaa hata kidogo. Aliuliza maswali matatu tu: kopo linakaa wapi, kuna nini kingine ndani yake, na mjusi anashikwaje?

Nilikwenda kuyauliza nyumbani. Majibu yalinifanya niinamishe kichwa. Kopo lilikuwa likikaa dirishani, upande wa jua la mchana, chini kidogo ya bati. Siku tatu kabla ya tukio, mpwa wangu alikuwa amemtia mjusi wa pili humo ili awe "mwenzake". Wa pili alikwishakimbia, lakini aliacha alama za meno mgongoni mwa wa kwanza. Na kila siku mtoto alikuwa anaingiza mkono kutoka juu.

Mwalimu alinieleza. Mijusi dume wa aina hii hugombania eneo. Ukutani aliyeshindwa hukimbia, lakini ndani ya kopo hana pa kukimbilia. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwake ni kama ndege anayekuja kumla. Mjusi hana jasho la kumpoza kama binadamu, hutegemea kuhama kutoka penye joto kwenda penye kivuli, na kopo la plastiki juani halina kivuli. Tena ngozi yake ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, dalili kwamba anajivua gamba, kipindi ambacho mijusi wengi hawataki kuguswa. Mjusi jike mwenye mayai naye aweza kuwa mkali, na yeyote mwenye jeraha vilevile. Alipong'ata, ilikuwa ni silaha ya mwisho. Ya kwanza ni kukimbia, na ya pili ni kukata mkia wake na kumwachia adui. Zote mbili hazikuwa na maana ndani ya kopo.

Basi neno "ghafla" lilitoka katika kesi. Kulikuwa na siku tatu za dalili, na pengine miezi miwili. Mjusi alisema kwa njia zake zote, akajificha, akapauka, akaacha kula vizuri. Sisi hatukuangalia. Mara nyingi tunaposema kiumbe amebadilika ghafla, maana yake ni kwamba sisi ndio tuliotazama ghafla.

Sisi wa Katavi tuna mfano mkubwa zaidi mlangoni kwetu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kiangazi kinapokaza na Mto Katuma ukapungua, viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi machache yaliyobaki. Madume hupigana na kujeruhiana vibaya sana. Mgeni akiwaona wakati huo atasema hawa ni wanyama wenye roho mbaya. Mvua zikinyesha na maji yakatanuka, ugomvi unapungua. Viboko ni wale wale. Kilichobadilika ni nafasi.

Mwenye mnyama ni nani?

Sasa turudi kwenye swali la nani ana kesi. Sheria yetu ya Kiislamu imelijibu muda mrefu. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Bukhari na Muslim, jeraha la mnyama halina fidia. Yaani mnyama kama mnyama hashitakiwi. Lakini wanafiqhi wakaendelea kuuliza: mwenyewe alikuwapo? Alimfunga? Alizembea? Hapo ndipo dhima inapomfuata mwenye mali, kwa tofauti zao katika vipengele. Na Qur'an imetutajia hukumu ya Daudi na Sulaiman (a.s.) kuhusu shamba lililoliwa na kondoo usiku (21:78-79). Manabii wawili walihukumu jambo hilo, kila mmoja kwa rai yake, na hukumu iliwahusu wenye kondoo na wenye shamba. Kondoo hawakusimamishwa kizimbani.

Iko hadithi nyingine ambayo mimi naiona ndiyo ufunguo. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia ambaye alipomwona Mtume alilia na machozi yakamtoka. Mtume (s.a.w.) alimwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akauliza. Zingatia swali lake, ndugu msomaji. Hakuwauliza waliokuwapo ngamia huyu ana matatizo gani. Aliuliza mwenye ngamia huyu ni nani. Kijana wa Kiansari alipojitokeza, alitakiwa amwogope Allah kwa mnyama aliyemilikishwa, kwa sababu mnyama huyo alishitaki kwamba anamshindisha njaa na kumchosha kwa kazi.

Huo ndio mpangilio wa haki. Kwanza aulizwe mwenye uwezo, halafu ndipo aangaliwe asiye na uwezo. Sisi tumeupindua. Mbwa wa mlinzi akimng'ata mtu tunasema mbwa huyu kachizi, hatuulizi amefungwa mnyororo mfupi tangu lini. Punda akipiga teke tunaongeza fimbo, hatuangalii kidonda chini ya shogi. Na tukumbuke yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, kama ilivyokuja kwa Bukhari na Muslim. Kosa lake lilikuwa kumfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Kufunga ndiko kulikozaa wajibu. Paka wa mtaani hakudai kitu. Paka aliyefungiwa anadai kila kitu, chakula, maji, hewa, nafasi, kwa kuwa umemnyang'anya njia ya kujitafutia.

Kwa msingi huo, mpwa wangu hakuwa na haki ya kusema "nimemlisha siku zote". Kumlisha haikuwa hisani. Ilikuwa deni la kumfungia. Na mfadhili anayesahau kwamba yeye ndiye aliyeweka kifuniko, huyo ndiye mwepesi wa kulalamika kwamba amekosewa shukrani.

Wenye fedha nao wana makopo yao

Msidhani kufuga mijusi ni mchezo wa watoto wa Magamba tu. Kwetu hapa hapa Tanzania, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, upo msitu mdogo uitwao Kimboza. Humo anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa. Uzuri huo ulimponza. Katika miaka ya 2000 alikamatwa kwa maelfu akasafirishwa kwenda kuuzwa kwa wapenzi wa mijusi Ulaya na kwingineko. Wakamataji walikuwa wakiangusha miti ya jamii ya mkadi, ambayo ndiyo nyumba yake, ili wamfikie. Mwaka 2012 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalipitisha kumpa ulinzi wa juu kabisa, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi waliokamatwa msituni imepigwa marufuku.

Mtu aliye mbali na Kimboza, ana kisanduku cha kioo chenye taa na kipimajoto, anaweza naye kushangaa kwa nini mjusi wake wa buluu amekuwa mkali. Kioo chake ni kizuri kuliko kopo letu, lakini swali ni lile lile. Madume wawili wakiwekwa pamoja watapigana kule kama walivyopigana dirishani kwangu.

Sisemi kufuga kiumbe ni haramu. Mtume (s.a.w.) alimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, kuhusu ndege wake aliyekuwa akimchezea, na wanazuoni wamechukua hapo ruhusa ya kufuga ndege kwa sharti la kutomtesa. Kwa mjusi huyu wa ukutani hali ni tofauti, kwani wapo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii walioona kwamba kiumbe aliyeamrishwa kuuawa hafai kufugwa. Kwa hiyo mpwa wangu nilimkataza asifuge tena. Ila wale ambao watoto wao wanafuga kiumbe chochote, na siku moja kikang'ata, nawausia haya niliyojifunza. Usimvute kwa nguvu, shusha mkono chini, atulie, ataachia mwenyewe. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Mjusi huyu hana sumu, yale tuliyosimuliwa utotoni hayana msingi, lakini uchafu wake unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo mikono ioshwe kila anaposhikwa. Usimpige wala usimnyime chakula kama adhabu, kwa sababu hajui kosa wala adhabu. Mwache siku kadhaa bila kumgusa. Kisha kaa chini ujiulize: joto, kivuli, maji, jeraha, gamba, mwenzake, mkono wangu.

Kopo la binadamu

Naomba radhi kama nitaonekana natoka nje ya mada, lakini usiku ule baada ya vijana kuondoka sikulala mapema. Niliwafikiria binadamu ambao nao tunasema "wamegeuka". Binti wa kazi aliyeletwa mjini na miaka kumi na tano, akalala jikoni, akawa wa mwisho kula na wa kwanza kuamka, siku moja akajibu kwa ukali, mama mwenye nyumba akasema: huyu mtoto tulimchukua kama mwanetu, leo kaonyesha rangi yake. Mwanafunzi aliyekaa kimya miaka mitatu nyuma ya darasa, siku moja akatupa daftari chini. Mimi mwenyewe nimewahi kumchapa mwanafunzi wa namna hiyo. Nilimchapa kwa utovu wa adabu. Baadaye nikaja kujua kwamba nyumbani kwao hawakuwa wamekula tangu juzi yake. Sikuuliza. Nilianza na fimbo.

Binadamu ana akili na atajibu kwa matendo yake, si kama mjusi. Hilo lieleweke. Lakini mpangilio wa maswali ni ule ule. Aliye juu ajiulize kwanza yeye, ndipo amhukumu aliye chini.

Iko hadithi kwa Bukhari na Muslim ya Nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kichuguu kizima kichomwe. Allah (s.w.) akamlaumu kwamba kwa sababu ya sisimizi mmoja ameuteketeza umma unaomsabihi. Ikiwa Nabii aliumwa kweli, na bado akaulizwa kuhusu kipimo cha hasira yake, sisi na vizibo vyetu vya mafuta ya taa tutajibu nini?

Watauliza wasomaji, mjusi aliishia wapi? Mpwa wangu naye aliniuliza: "Mjomba, tumuue au tumwachie?" Nilimwambia, ungemkuta ukutani ukamuua kwa pigo moja kwa kufuata Sunna, nisingekuwa na neno. Lakini leo ukimpiga, mkono wako utasukumwa na kidole kinachouma, na utajidanganya kwamba ni Sunna. Ngoja mpaka hasira iishe. Alingoja siku mbili. Siku ya tatu baada ya Magharibi alibeba kopo mwenyewe hadi kwenye ukuta wa nyuma, akalilaza ubavu, akafungua kifuniko, akarudi hatua mbili nyuma. Mjusi alikaa muda mrefu bila kutoka. Kisha akatoka.

Wapo watakaosema nilipaswa kusimamia auawe. Sibishani nao, dalili yao ni sahihi. Mimi nilichokitaka ni kwamba mtoto ajue tofauti ya kumtii Mtume (s.a.w.) na kujilipizia kisasi kwa jina la Mtume. Somo hilo nilikuwa sijamfundisha, na ndiyo maana katika kesi ile, mtu wa kwanza kusimama kizimbani nilikuwa mimi.

Wallahu a'lam.